SARATANI NA NASABA

Katika darasa letu la Jumamosi liliulizwa swali ambalo hatukuweza kulijibu siku ile ile, tukaona kulichelewesha ni bora kuliko kulijibu kwa kukisia. Muulizaji ni mzee wa upande wa Bungoma, wala hatutamtaja jina. Binti wa nduguye alikuwa amekwisha kuposwa na kijana wa Kitale, mahari imekwisha kukubaliwa, na siku ya nikahi imekaribia. Ndipo wazee wa kijana walipopata khabari kwamba mama wa binti alikufa kwa saratani ya titi, na mama yake mdogo vile vile, na bibi yao mzaa mama kabla yao. Posa ikasimamishwa. Baadhi ya wazee wakasema kwamba nyumba ile ina laana. Wengine, waliojiona wana elimu zaidi, wakasema laana hapana, lakini saratani imo katika damu yao, na mwenye akili haoi maradhi.

Mzee akatuuliza: Je, ni kweli kwamba saratani yarithiwa? Na ikiwa ni kweli, je, wazee hawa wametenda haki?

Haya ni maswali mawili. La kwanza ni la elimu ya tiba, na la pili ni la uadilifu. Watu wengi hupotea kwa kulijibu la pili kabla hawajalijua la kwanza. Basi nasi tumesoma, tumewauliza wenye kujua, na leo twaleta jawabu kwa utaratibu.

Mbegu na shamba

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kitale ni mji wa mbegu. Hapo ndipo ilipoanzishwa Kampuni ya Kenya Seed mwaka 1956, na kutoka hapo mwaka 1964 wakulima walipata mahindi ya chotara ya namba 611, yaliyozaliwa kwa kuoanisha mbegu ya Kitale na mbegu iliyotoka Ecuador, katika Amerika ya Kusini. Tangu siku hizo kila mkulima wa Trans Nzoia na Bungoma ajua mambo mawili. La kwanza, mbegu hubeba tabia za wazazi wake, hata zile zisizoonekana kwa macho mtu anapoishika mkononi. La pili, mbegu ile ile ikitiwa katika shamba lenye rutuba na katika shamba lililochoka haileti magunia sawa. Msomaji akiyashika mambo haya mawili, yote yatakayofuata yatamwia mepesi.

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe nyingi mno. Ndani ya kila chembe mna kama maandishi, yanayoiamuru namna ya kukua, namna ya kufanya kazi yake, na wakati wa kuacha kugawanyika. Fungu moja la maandishi hayo wataalamu huliita jeni. Karibu kila jeni tunazo nakala mbili, moja tumepewa na baba na moja na mama.

Saratani ni uasi wa chembe. Chembe moja hupotewa na amri ya kuacha kugawanyika, ikazaa nyingine kama yenyewe, na hizo zikazaa nyingine, mpaka zikawa uvimbe, na uvimbe ukatuma wajumbe wake sehemu nyingine za mwili. Uasi huu hutokana na makosa yaliyoingia katika maandishi yale. Makosa mengi huingia mtu akiwa amekwisha kuzaliwa, kwa moshi wa tumbaku, kwa pombe, kwa virusi fulani, kwa jua kali, au kwa wingi wa miaka tu. Lakini yako makosa machache ambayo mtu huzaliwa nayo, kwa kuwa yalikuwamo katika mbegu ya baba yake au ya mama yake. Hayo ndiyo tuliyoulizwa.

Makufuli mawili

Mfano ulio wazi kuliko yote ni saratani ya jicho la watoto wadogo. Mwaka 1971 mtaalamu wa Marekani, Alfred Knudson, alitazama khabari za watoto hawa akaona kwamba wale wanaoshikwa macho yote mawili huugua mapema kuliko wale wanaoshikwa jicho moja. Akafahamu kuwa chembe ya jicho ni kama ghala lenye makufuli mawili. Mtoto wa kawaida huzaliwa na makufuli yote mawili mazima, na ni nadra sana yote mawili kuvunjika katika chembe moja. Lakini yuko mtoto anayezaliwa hali kufuli moja limekwisha kuvunjika katika kila chembe ya mwili wake. Kwake yeye lahitajika kosa moja tu zaidi, na mlango uko wazi. Mwaka 1986 jeni yenyewe ilipatikana, nayo huitwa RB1.

Katika kila watoto 10 wenye saratani hii, karibu 4 wana kasoro hiyo ya mwili mzima. Na tuangalie sana jambo hili: wengi wa hao 4 ndio wa kwanza katika ukoo wao. Kasoro ilianza kwao, wazazi wao hawanayo. Lakini mtoto kama huyo akipona, akakua na kuzaa, kila mtoto wake ana nafasi moja katika mbili ya kuirithi. Dalili yake mama aweza kuiona nyumbani: mboni ya jicho hung'aa weupe, khasa katika picha iliyopigwa kwa taa, au jicho huanza kwenda upande. Mtoto huyo asipelekwe kutiwa dawa ya kienyeji jichoni. Apelekwe kwa daktari wa macho upesi, kwani ikigunduliwa mapema maisha yake huokoka, na mara nyingi jicho nalo huokoka.

Sasa tuje kwenye saratani ya titi, ambayo ndiyo iliyoileta posa mashakani. Mwaka 1990 mwanamke mtaalamu, Mary-Claire King, alionyesha kwamba katika koo fulani saratani hii yafuata jeni moja. Jeni hiyo ilipatikana mwaka 1994, ikaitwa BRCA1, na mwaka 1995 ikapatikana ya pili, BRCA2. Kazi yao ni kazi ya fundi: maandishi ya chembe yakikatika, wao huyaunga. Mtu akizaliwa na fundi mmoja mbovu, makosa hulimbikizana haraka zaidi. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye kasoro ya BRCA1, karibu 72 hupata saratani ya titi kabla ya kutimiza miaka 80, na katika wenye kasoro ya BRCA2 karibu 69. Saratani ya ovari, yaani kokwa za uzazi za mwanamke, huwapata karibu 44 katika 100 wa kundi la kwanza na 17 wa kundi la pili.

Wala mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya tu. Mwaka 2020 ulitolewa utafiti uliofanywa kwa wanawake wa Uganda na Cameroon, nao ukakuta kwamba katika wagonjwa wa saratani ya titi, zaidi ya mmoja katika kila 10 alikuwa na kasoro ya kurithi, ama katika jeni hizo mbili ama katika nyingine za jamii yake.

Basi jawabu la swali la kwanza ni hili: Ndiyo, ziko saratani ambazo khatari yake hurithiwa. Lakini tazama neno tulilolitumia. Hatukusema kwamba saratani yenyewe hurithiwa. Kinachorithiwa ni kufuli lililovunjika, na wako watu waishio na kufuli hilo miaka 80 wasiibiwe.

Si kila kinachojirudia nyumbani ni cha damu

Hapa lazima tuwaonye wasomaji wetu wasikimbilie upande wa pili, wakadhani kila saratani ni ya ukoo. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani, wale ambao maradhi yao yametokana na jeni moja ya kurithi ni kiasi cha 5 mpaka 10 tu.

Chukua saratani ya umio, yaani ya njia ya chakula. Nchi yetu hii ya magharibi ya Kenya yasifika kwa ubaya wake, na mara nyingi twasikia baba alikufa nayo na mwana akamfuata. Watu husema ni damu. Lakini watafiti wa Eldoret walipowauliza wagonjwa na wasio wagonjwa juu ya maisha yao, mambo waliyoyatoa mwaka 2019 yalikuwa ya jikoni na ya kilabuni: chai na uji unaonywewa ukiwa wa moto sana, na pombe, zikiwamo chang'aa na busaa. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa nalo lilikwisha kusema mwaka 2016 kwamba kinywaji kilichopita joto la digrii 65 yamkini husababisha saratani hii. Mwana hurithi kwa baba yake jeni, na hurithi pia kikombe chake na haraka yake ya kukinywa. Kikombe twaweza kukiacha kikapoa.

Saratani ya mlango wa kizazi, inayowaua wanawake wengi wa nchi hii, yaletwa karibu yote na virusi viitwavyo papiloma. Mama na binti wakiugua nayo, mara nyingi sababu ni kwamba wote wawili hawakupata kinga wala uchunguzi. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 kwa kinga hiyo. Mzazi amzuiaye binti yake, kisha akasema baadaye kwamba ni maradhi ya ukoo, amejidhulumu na kumdhulumu mwanawe.

Mteremko wa Kitale na Bungoma

Lakini jambo lililotushangaza kuliko yote katika kusoma kwetu ni kwamba kasoro ya kurithi yaweza hata kuzuia saratani. Msomaji wa Bungoma aujua ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Mtoto aliyepata jeni yake kwa wazazi wote wawili hupata mateso makubwa. Aliyepata kwa mzazi mmoja tu huishi kwa afya yake, na tena hulindwa na malaria kali. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ndiye aliyeonyesha jambo hilo mwaka 1954, baada ya kuona kwamba jeni hii imeenea pwani na kando ya Ziwa Victoria, na katika nyanda za juu ni haba.

Sasa, kuna saratani ya watoto iitwayo uvimbe wa Burkitt, inayovimbisha taya na tumbo. Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 alipokuwa Kampala, na mwaka 1961 akasafiri kwa gari maili 10,000 hivi akiulizia hospitali kwa hospitali. Akaona kwamba katika Afrika ya Mashariki ugonjwa huu ni wa nchi za chini zenye mbu, na mtu akipanda kupita kiasi cha mita 1,500 hauonekani. Baadaye ikajulikana kwamba virusi fulani na malaria inayorudi rudi hushirikiana kuuleta. Bungoma iko karibu mita 1,400, na Kitale karibu mita 1,900. Kwa hiyo mwendo wa saa chache wa matatu watupitisha mpaka wa maradhi. Na mwaka 2017 utafiti wa kaskazini ya Uganda ulionyesha kwamba watoto wenye jeni moja ya selimundu walikuwa na khatari ndogo zaidi ya kupata uvimbe wa Burkitt kuliko wenziwao. Jeni hiyo ni ngao kwa mtoto wa nchi ya mbu, na kwa mtoto wa nchi ya baridi isiyo na malaria haina kazi ya kumlinda.

Tazama tena ndugu zetu wenye ualbino, ambao sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu kuwa 9,729. Wamerithi kwa baba na mama jeni isiyotengeneza rangi ya ngozi ipasavyo. Chini ya jua letu ngozi yao hushikwa na saratani mapema, na wengi wamekufa vijana. Lakini mtoto huyo akivikwa kofia pana na mikono mirefu, akapakwa mafuta ya kukinga jua, na ngozi yake ikaangaliwa kila mara, khatari hiyo hupungua sana. Jeni yake haikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni uangalizi wa watu wake. Shamba lina sehemu yake, na shamba tumekabidhiwa sisi.

Juu ya laana na kukata tamaa

Tumekwisha kulijibu swali la kwanza, basi na tuliendee la pili.

Wanaosema kwamba nyumba ile ina laana, wamesema wasilolijua. Imepokewa katika Bukhari na Muslim khabari ya bedui aliyemjia Mtume, rehema na amani zimshukie, hali ana shaka juu ya mkewe kwa sababu mtoto amezaliwa na rangi isiyofanana na yake. Mtume alimwuliza juu ya ngamia wake, wana rangi gani, na kama kati yao yumo wa rangi ya kijivu. Bedui akakiri kuwa yumo, na kwamba yamkini rangi hiyo imevutwa kutoka asili ya mbali. Mtume akamfahamisha kwamba mtoto wake naye yamkini ni vivyo hivyo. Tazama jinsi mtu huyu alivyokuja na tuhuma juu ya mwanamke, akarudi na somo la nasaba. Wale wanaomtwika binti laana ya wafu wake wameiacha njia hiyo.

Wako pia wanaosema kwamba yote yameandikwa, basi uchunguzi na madaktari ni bure. Nao twawakumbusha Sayyidna Umar katika zama za tauni ya Amwas, alipowarudisha watu wake wasiingie katika nchi ya tauni. Abu Ubayda alipomwuliza kama anaikimbia kadari, alimjibu kwa mfano wa mchungaji mwenye bonde lenye pande mbili, moja ya majani na moja kavu: popote achungapo amechunga kwa kadari, na juu yake ni kuchagua upande wa majani.

Yatupasayo kufanya

Dalili zinazoonya kwamba saratani yaweza kuwa ya nasaba ni hizi: kuwapata watu wawili watatu wa upande mmoja wa ukoo, kumpata mwanamke titi kabla ya miaka 50, kushika matiti yote mawili, au titi na ovari kwa mtu mmoja, kumpata mwanamume titi, na ile ya jicho la mtoto.

Kipimo cha jeni hakipatikani katika kila zahanati, na bei yake ni nzito kwa wengi wetu. Lakini kipimo cha kwanza ni karatasi na kalamu. Kila nyumba na iandike: nani aliugua, aliugua nini, akiwa na umri gani. Waandikwe wa upande wa mama na wa upande wa baba, kwani baba hurithisha jeni hizi sawasawa na mama, hata kama yeye mwenyewe hakuugua kamwe. Wazee waulizwe wangali hai. Desturi yetu ya kuficha, ya kusema marehemu alikufa kwa tumbo au kwa homa, imewanyima wajukuu onyo lililowastahiki. Karatasi hiyo apelekewe daktari, naye akiona haja atamtuma mtu kwenye kliniki ya saratani ya Hospitali ya Rufaa ya Moi huko Eldoret. Mwanamke mwenye khatari ya kurithi huanza kuchunguzwa mapema zaidi, hata kabla ya miaka 30, na uvimbe ukishikwa ungali mdogo mara nyingi hupona.

Jawabu letu kwa wazee wa Kitale

Sasa twasema na wazee wa kijana, kwa heshima. Kuuliza khabari za nyumba mtakayooa si dhambi, na kuficha si uungwana. Lakini hesabuni kwa haki. Yamkini mama wa binti alikuwa na kasoro ya nasaba, nanyi hamna hakika. Ikiwa alikuwa nayo, binti ana nafasi moja katika mbili ya kuwa hakuirithi kabisa. Ikiwa aliirithi, bado si hukumu, na kwa kuwa amekwisha kuonywa, yeye ana nafasi ya kujilinda ambayo mama yake hakuipata. Na nyumba yenu wenyewe, je, mmeiandikia karatasi?

Liko na jambo jingine, nalo ndilo lililotuuma zaidi. Tulimwuliza mzee kama binti ana ndugu. Akajibu kwamba ana kaka wawili, wote wamekwisha kuoa, na hapana hata nyumba moja iliyowauliza juu ya maradhi ya mama yao. Ilhali kaka hao wana nafasi ile ile ya kuirithi kasoro, na ile ile ya kuwapa wana wao. Basi kilichomsimamishia binti posa yake si elimu ya jeni, maana elimu hiyo haibagui mume na mke. Ni ile desturi ya kale ya kumtwika mwanamke kila msiba wa nyumba, nayo imevaa kanzu ya tiba.

Shauri letu ni kwamba kijana na binti, pamoja na kaka zake, waende kwa daktari na karatasi yao mkononi. Kisha kila mtu na aamue kwa khiari yake, akijua anachokiamua. Na akiamua kuiacha posa, aiache kwa maneno mema, wala asiitangaze nyumba ya watu sokoni. Mzee ameichukua nakala ya maneno haya kwenda nayo Kitale. Twamwomba Mwenyezi Mungu azilainishe nyoyo, awarehemu waliotangulia, na awape wagonjwa wetu shifaa.

Wabillahi tawfiki.